Alimantasiyo ya Zayd

Jumamosi ile Mwavita alikuwa ametumia asubuhi nzima kupanga sokoni rezista zake, vile vipuri vidogo vya redio, kwa rangi, kila namba na kikopo chake. Ndiyo kwanza anaweka kikopo cha mwisho, mguu wa mwanamume ukaingia chini ya meza yake fupi na kuipindua. Vikopo viliruka. Vijidude vile, vidogo kama punje za mchele, vikamwagika chini ya miguu ya watu waliokuwa wakisukumana kuelekea upande wa mitumba.

"We kaka, macho ulipewa ya nini?" Mwavita alisema.

Mwanamume alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri na suruali ya kijivu, mavazi ya mtu anayekwenda kuonana na wakubwa, lakini alipiga magoti palepale kwenye vumbi akaanza kuokota. Kila rezista aliisogeza karibu na uso, akaitazama, akaitia kwenye kikopo. Wapita njia walimkanyaga vidole mara mbili, naye hakuinuka. Mwishowe Mwavita alipoangalia kazi yake aliona kwamba kahawia zimechanganywa na nyekundu, na nyekundu na za rangi ya chungwa, vikopo vyote. Hasira ilimwisha, akacheka mpaka akashika ubavu.

Hivyo ndivyo walivyofahamiana. Jina lake lilikuwa Zayd, fundi wa redio na simu, kutoka katika mojawapo ya zile familia za Waarabu zilizofungua maduka Bujumbura tangu enzi za mababu. Duka la kwao lilikuwa limekwisha kupangishwa kwa watu wengine. Yeye na dada yake walibaki na vyumba viwili vya uani, kule mtaa wa Asiatique. Mwavita alikuwa binti wa mtaa wa Buyenzi, na ile biashara ya vipuri vilivyong'olewa kwenye redio na televisheni zilizokufa alikuwa amefundishwa na marehemu baba yake, Amur.

Zayd alikuwa amekuja sokoni kutafuta vipuri. Alitaka kujitengenezea alimantasiyo, kile kisanduku cha mezani kinachochukua umeme wa ukutani na kuushusha mpaka kiasi anachotaka fundi: volti tatu kwa redio ndogo, tano kwa simu, kumi na mbili kwa redio ya gari. Fundi asiye nacho hubahatisha tu. Mwavita alimwambia kwamba za dukani zipo, nzuri, zenye namba nyekundu zinazowaka.

"Apana, dada," Zayd alisema. "Namba sitaki. Mi natafuta swichi ya kuzungusha, ile ya zamani, yenye kulia *ka* kila ukifika kwenye kituo. Na kengele ndogo ya kulia kama nyaya zimegusana. Na pini mbili za kuchomekea, moja ya duara, ingine ya pembe."

"Sasa we unatengeneza alimantasiyo ao ngoma?"

Alitabasamu, akainamisha uso. Mwavita alikuwa na miaka ishirini na tisa na alikuwa ameona wanaume wengi wakitabasamu mbele ya meza yake. Huyu alikuwa wa kwanza aliyetabasamu kama mtu aliyesahau kwa muda jambo lililokuwa likimwuma.

Swichi ilipatikana nyumbani kwa Mwavita, ndani ya kabati la redio ambalo mama yake, Miza, alikuwa amekataa kuliuza tangu baba afe. Mwavita aliing'oa mama akiwa msikitini, akapiga simu, akaizungusha karibu na kipaza sauti ili Zayd asikie. *Ka, ka, ka.* Zayd akamwomba arudie. Siku iliyofuata alipiga yeye, saa ya chakula cha mchana, kuuliza kama ile swichi imeamka salama. Tangu hapo simu ya mchana ikawa desturi. Alimwita *sheri*, yaani mpenzi, kwanza kwa utani, kisha bila utani. Mwavita alimwita *fundi wa ngoma*. Wenzake sokoni walijua kuwa ikifika saa sita na nusu mteja wa Mwavita atasubiri.

Vipuri vingine walivitafuta pamoja. Katika mtaa wa Mutanga Sud kulikuwa na mjane aitwaye mama Olga, ambaye mumewe alifundisha chuo kikuu na kuacha chumba kizima cha mitambo. Waliingia humo siku mbili. Mwavita alikuwa amevaa kitenge cha kijani na mtandio mwembamba, na kila alipoinama kwenye maboksi mtandio ulimwanguka, naye Zayd akasema afadhali mtandio wenyewe ukae chini, upumzike. Walipata daiodi nne, kondansateri mbili nene kama mikebe ya nyanya, na kipande cha alumini chenye mbavu za kupitishia joto. Mama Olga aliwaletea fanta, akawauliza wana watoto wangapi. Hakuna aliyemsahihisha.

Kilichokosekana ni transfoma, moyo wa kisanduku chote. Iliyofaa ilikuwa ndani ya kikuza sauti kilichokufa, mali ya kanisa moja dogo la Gasenyi, na mzee Callixte, mtunza vyombo wa kanisa hilo, alisema chombo cha Mungu hakiuzwi mpaka kamati ikae. Kamati haikukaa mwezi wa kwanza, wala wa pili.

Katika miezi hiyo Mwavita alimpenda Zayd kwa moyo wake wote, na katika miezi hiyohiyo alianza kuhesabu mambo asiyoyaelewa. Zayd hakukubali hata mara moja kuonana naye baada ya jua kutua. Mwavita alimwalika kwenye harusi ya binamu yake, jioni, naye akakataa bila kutoa sababu. Walipotembea alipenda kumtanguliza. Mara moja Mwavita alimnyooshea kikombe cha chai kwa upande, Zayd akakiacha kining'inie hewani mpaka mkono wake ukachoka. Mwavita aliwaza kwamba labda ana mke mahali fulani. Aliwaza, kisha akajizuia kuwaza.

Siku ya Idi, alasiri, Buyenzi yote ilikuwa barabarani. Mwavita alivaa gauni jipya la manjano lililotariziwa kifuani, akapaka hina mpaka kwenye viwiko, akasimama na wenzake pembezoni mwa barabara ya mtaa wao. Hapo akamwona Zayd akija, amevaa kanzu na kofia, na msichana mzuri, mwembamba, amemshika kiwiko. Walikuwa wakicheka. Walifika karibu sana. Zayd aligeuza uso kuelekea alipokuwa Mwavita, akamtazama wazi, bila haya na bila salamu, kisha akapita.

Wenzake walikuwa wanamjua Zayd kwa picha za kwenye simu. Wakageuka wote kumtazama Mwavita.

Mwavita alimpigia simu kabla ya magharibi. Zayd alipokea kwa sauti ya furaha, akamtakia Idi njema.

"Uliniona leo, Zayd?"

"Wapi?"

"Barabarani kwetu. Mi nilikuwa mbele yako. Kama ningenyoosha mkono ningekushika."

Mwavita alisikia pumzi zake, na sauti za watoto kwa mbali.

"Sikukuona, sheri."

"Ulinitazama machoni."

"Sikukuona," alisema tena, na safari hii sauti ilikuwa imebadilika. "Mwavita, nisikilize. Tuache. Afadhali tuache sasa. We ni mutu mwema, utapata mwenzako."

Alikuwa amejiandaa kwa uongo wowote, lakini si kwa maneno hayo. Akakata simu. Hakulia mpaka alipoanza kuvua gauni na kuona kwamba hina haikushika vizuri mkononi, na imechafua kitambaa chote.

Majuma sita yalipita. Ilipofika saa sita na nusu alikuwa akiweka simu chini ya kitambaa cha meza ili asiione. Mama yake aliona anavyokonda, akauliza mara moja tu, akaambiwa ni malaria, akaleta dawa ya malaria bila kubisha.

Ndipo siku moja asubuhi yule msichana wa siku ya Idi akasimama mbele ya meza. Mwavita alimtambua papo hapo, akajifanya anapanga vikopo. Msichana alisema anatafuta transfoma, akataja volti na ampea kama mtu aliyekariri.

"Mume wako amekutuma?" Mwavita aliuliza bila kuinua kichwa.

"Mume?" Msichana alishangaa. "Mi naitwa Marwa. Zayd ni kaka yangu, wa tumbo moja."

Mwavita aliinua kichwa.

Marwa akatazama huku na huku, akachuchumaa, akasema kwa sauti ya chini. "Dada, Zayd hajui kama nimekuja hapa. Alinikataza. Lakini kajiunguza na chuma cha kulehemu, vidole vitatu, na hataki kuacha. Yeye haoni, dada. Anaona katikati tu, kama mutu anayetazama ndani ya bomba. Akikosa kidogo tu, hata mutu wa mbele yake hamuoni; pembeni hakuna kitu, na giza likiingia hakuna kitu kabisa. Baba yetu alikuwa vilevile. Daktari amesema hata hiyo katikati itafunga. Siku ya Idi mi ndiye nilimushika mkono ili asigonge watu. Usiku ule alilia. Mi sikujua analilia nini mpaka nilipoona jina lako kwenye simu."

Mwavita alikaa chini, juu ya boksi la antena. Yakamjia yote kwa mpigo: kikombe cha chai kilichoning'inia, rangi zilizochanganywa kwenye vikopo, swichi yenye kulia. Pini ya duara na pini ya pembe, ili kidole kiweze kuzitofautisha. Mwanamume yule alikuwa akitengeneza kifaa cha fundi kipofu, tena alikuwa akikitengeneza haraka, na yeye akamwuliza kama ni ngoma. Kisha likamjia neno la kwanza kabisa alilomwambia maishani, lile la macho, akafunika mdomo kwa mtandio.

Hakwenda kwa Zayd siku hiyo. Alifunga meza akaenda Gasenyi. Mzee Callixte alianza tena habari ya kamati. Mwavita alimwambia kwamba kuna mtu anapofuka, na kwamba kitu kilichomo ndani ya kile chombo kilichokufa ndicho kitakachompa chakula baadaye. Hakupaza sauti. Mzee alimtazama, akaingia ndani, akarudi na bisibisi, na kikuza sauti akakifungua yeye mwenyewe.

Kesho yake asubuhi Mwavita alibisha hodi kwa Zayd, transfoma imefungwa kwenye kanga, nzito kama jiwe la kusagia. Zayd alikuwa mezani, karibu na dirisha, vidole vitatu vimefungwa kitambaa. Alijua ni nani kabla hajasema neno, kwa mlio wa viatu vyake, na uso ukamwanguka.

"Marwa amekwambia."

"Alipaswa kuniambia nani? We ulichagua nikuchukie."

"Kuchukia kunaisha," Zayd alisema. "Mi nilikuwa mutoto nikamuona mama yangu. Baba alipofuka na miaka arobaini. Hakuwa na kazi ya mikono, alikuwa mutu wa duka, wa kusoma bei na kuangalia nyuso. Mama alimuongoza mpaka chooni, miaka kumi na mbili. Alikufa kabla yake, Mwavita. Mwenye macho ndiye alikufa kwanza. Nikasema mi sitamufanyia mutu hivyo. Nitatengeneza meza ambayo mikono yangu inaijua, nitakula kwa jasho langu, na nitakaa peke yangu. Halafu nikaangusha vikopo vyako."

Mwavita aliweka transfoma mezani. Zayd aliusikia uzito wake, akaipapasa pande zote, akavuta pumzi.

"Na kuna jambo lingine," alisema. "Mutoto wetu anaweza kuyarithi macho haya."

"Nimefikiri hilo njia yote," Mwavita alijibu. "Mutoto akizaliwa hivyo, atakuwa na baba mwenye kuijua njia. We hukuwa naye."

Zayd akasema apana, kwa upole, kisha akasema apana tena. Mwavita hakubishana. Alivuta kiti, akauliza waya wa kwanza unakwenda wapi.

Ilichukua siku kumi na moja. Alikuja kila asubuhi kabla ya soko. Alimsomea rangi za rezista, Zayd akamwambia mahali pa kuzitia, na taratibu wakabadilishana: Zayd akalehemu kwa kugusa, akipima umbali kwa ncha ya kidole kidogo, Mwavita akishika tu. Zayd aliungua, akalaani, wakacheka. Kulikuwa na asubuhi ambazo hawakucheka, pale Zayd alipoitafuta bisibisi iliyokuwa mbele yake, na Mwavita akaikaza mikono yake magotini isimpe, kwa sababu mwenyewe alikuwa amemwomba hivyo. Siku ya kumi na moja walichomeka waya ukutani. Transfoma ikanguruma polepole. Zayd alizungusha swichi, akahesabu milio mitano, akagusisha nyaya kwenye redio ya jirani iliyokuwa imekaa bubu tangu mvua za masika. Sauti ya mtangazaji wa Kirundi ikajaza chumba. Zayd aliinamisha kichwa juu ya kisanduku akalia kama mtoto, na Mwavita akamwacha alie.

Aliponyanyuka alimwomba akae dirishani, kwenye mwanga, asisogee.

"Mi siwezi kukuona wote kwa mara moja," alisema. "Nakuona kidogo kidogo. Naomba unipe muda."

Akavuta kiti mpaka magoti yao yakakutana. Alianza na paji la uso, akashuka kwenye nyusi moja, akahamia ya pili, kama mtu anayesoma barua kwa kidole. Alikaa sana kwenye jicho la kushoto. Alikuta kovu dogo chini ya kidevu ambalo hakuwahi kulijua, akauliza ni la nini, akaambiwa ni la baiskeli. Mwadhini wa adhuhuri aliadhini wakiwa bado hapo. Mwishowe Zayd alisema yuko tayari kutuma wazee, kama Mwavita bado anataka, na kama mama yake atakubali.

Mama yake hakukubali. Miza alisikiliza mpaka mwisho, ungo wa mchele mapajani, kisha akasema kwa utulivu kwamba hana ubaya wowote na kijana huyo. Lakini yeye alikuwa amemgeuza mtu kitandani miaka tisa, tangu Amur apate kiharusi mpaka alipozikwa, na alijua mgongo wa mwanamke unavyokuwa baada ya hapo. Alijua hata harufu yake. Hakumzaa binti aje arithi kazi hiyo.

"Mama," Mwavita aliuliza, "ungejua tangu mwanzo, ungemukatala baba?"

Miza aliendelea kuchagua mchele. Alichagua mpaka punje zote zikawa safi, naye akaendelea kuzigusa. Kisha akaweka ungo chini, akaingia chumbani, akafunga mlango. Mwavita alisikia kitanda kikilia.

Asubuhi mama yake alitoka macho yamevimba, mtandio umefungwa vizuri. "Waambie waje," alisema. "Lakini waje mchana. Mtaro wetu hauna mfuniko, kijana asije akatumbukia."

Walioana Ijumaa, baada ya swala, bila muziki mkubwa. Zayd aliona vipande vya siku hiyo: mkono wa kadhi, ukingo wa sinia ya pilau, hina. Mwavita alihamishia meza yake ya vipuri Asiatique, mbele ya ua, na watu wakaanza kuleta redio zao kutoka Nyakabiga na hata Mutanga. Waliokuja mara ya kwanza walistaajabu kumwona fundi anafanya kazi uso umeelekea ukutani. Hawakustaajabu mara ya pili. Katika miezi hiyo lile bomba la macho yake lilizidi kuwa jembamba. Herufi zilikwenda, kisha vidole vyake mwenyewe, na siku moja akiwa anamtazama Mwavita akasema amebaki na mdomo tu, na kwamba si vibaya. Usiku ule Mwavita alienda kulilia uani, karibu na bomba la maji, akifungulia maji ili yafunike sauti yake.

Mwaka wa pili wa ndoa, mwanzo wa kiangazi, mvua zikiwa zimekwisha na mbingu nyeupe kabisa juu ya mji, Mwavita aliamshwa na sauti ya mumewe.

"Kumekucha?"

Alifumbua macho. Dirisha lilikuwa wazi. Jua lilikuwa limejaa chumba kizima, limepanda ukutani, limelala juu ya shuka, juu ya uso wa Zayd, ndani ya macho yake yaliyokuwa wazi, naye hakuyapepesa.

Mwavita alitaka kusema bado. Neno lilifika kwenye ulimi. Angemwambia alale kidogo, angempatia nusu saa, labda saa nzima.

"Kumekucha, Zayd," alisema. "Zamani."

Nje mtu alikuwa akifagia, na pikipiki ilipita. Zayd alilaza mikono juu ya shuka, na Mwavita akaogopa hata kumgusa.

"Jua liko wapi?" aliuliza mwishowe.

Mwavita alilifuata kwa macho. "Liko kwenye mlango wa kabati. Liko juu ya shuka, huku kwangu. Liko juu ya mkono wako wa kuume."

Zayd aliugeuza mkono, kiganja kikatazama juu, akafungua vidole.

"Ndiyo," alisema. "Nalisikia."